Nusu ya Mzee Rehani

23 Machi

Mvua imeanza kabla sijafungua banda, nami nimebaki nyumbani Bigwa nasikiliza bati linavyopigwa. Cherehani iko bandani Mwembesongo, mimi niko hapa, wenye vitambaa vyao wavute subira. Nimeona niandike, maana mdomo wangu ukikosa wa kusema naye unawasha, na Baba amelala.

Jana watu wa Nasibu walileta posa. Nasibu ana duka la pembejeo, anauza mbegu na mbolea. Ni Muha, wazazi wake walitoka Kigoma zamani kuja kukata miwa. Mpole mpaka anakera. Walikuja washenga na shangazi yake, mama wa shoka, akikutazama unajikuta unarekebisha mtandio. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyepokea wageni ni Mjomba Mosi, kaka wa marehemu mama, aliyeshuka toka mlimani na kanzu imelowa hadi magotini. Baba, Mzee Rehani mwenyewe, akakaa karibu na mlango kama mtu aliyepita kuomba maji ya kunywa.

Shangazi akamtazama. Bega la Baba lilikuwa linaruka, vidole vya miguu vinacheza juu ya mkeka, ndiyo kawaida yake miaka hii. Mama wa watu akauliza bila kupepesa: "Na mzee anaumwa nini?"

"Huo ni ugonjwa wa ukoo wao," Mjomba akajibu. "Mama yake alikuwa nao, mjomba wake alikuwa nao. Huyu binti ni wa ukoo wetu. Haumhusu hata chembe."

"Sisi kwetu mtoto ni wa baba."

"Basi mmekuja kwa watu wenye akili," Mjomba akasema, na nyumba nzima ikacheka. Nyuma ya pazia, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Wageni walipoondoka Baba alinisaidia kukunja mkeka, yaani mkono mmoja unakunja, wa pili unakunjua. "Mimi kwenye ukoo huu ni mgeni, mama," akasema. Huniita mama. "Ila mgeni gani huyu, hata nauli ya kurudi hapewi?" Utani wake huo nimeusikia tangu nanyonya.

25 Machi

Mvua. Mlima haujaonekana.

26 Machi

Erick, fundi wa banda la pili, karudishiwa suruali ile ile tena. Alitakiwa atie kiraka kimoja gotini. Kila ikirudi anaongeza kingine juu yake, na sasa mwenyewe akiivaa goti halikunjiki. Nimecheka mpaka nimejichoma sindano.

29 Machi

Leo nimegombana na mtu hadharani na sijutii.

Baba alikwenda kununua mkaa, akateleza kwenye tope, na mikono yake ilipoanza mambo yake muuza mkaa akasema, "Mzee kashapiga, asubuhi yote hii!" Vijana wa bodaboda wakacheka. Baba hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Hata togwa ikichacha anaisukuma pembeni. Nilipoambiwa nilifunga banda, nikapanda bajaji, nikamkuta yule bwana na magunia yake, nikamwambia maneno ambayo hata humu siyaandiki.

Baba aliposikia akauliza, "Na mkono wako umemgusa?"

"Hapana."

"Afadhali. Mkaa wake mzuri, kesho nilitaka kurudi."

Filomena anayeuza supu mbele ya banda langu ameniambia kuna daktari wa mishipa ya fahamu amehamia hospitali. "Mpeleke, shoga. Kumtetea kwa mdomo peke yake hakutoshi." Amesema kweli. Miaka yote hii tumeuita ugonjwa wa ukoo wake, tukauacha huko kwa ukoo wake.

2 Aprili

Tumekwenda. Daktari anaitwa Rahel, msichana mdogo kuliko mimi, anaongea haraka lakini anasikiliza taratibu. Alimwambia Baba atoe ulimi na abaki ameutoa. Ulimi ukatoka, ukarudi wenyewe. Ukatoka, ukarudi.

"Daktari," Baba akasema, "huu ulimi una adabu, haukai nje mbele za wanawake."

Daktari akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akamtembeza kwenye mstari wa vigae, akamuuliza habari za mama yake na mjomba wake, akatoa damu. Itapelekwa Dar, na kutoka Dar itapelekwa mbali zaidi. Tusubiri.

9 Aprili

Mahari yamekubalika. Ndoa baada ya Idi ya kuchinja. Nasibu amekuja na mbegu za bamia, eti zawadi. Mwanamume mwingine angeleta manukato. Nimezipanda nyuma ya jiko.

14 Aprili

Mvua, umeme umekatika, nimeshona kwa mguu siku nzima. Mlima haujaonekana.

24 Aprili

Tangu turudi nimekaa tu, sijui nianzie wapi.

Ugonjwa wa Baba una jina: Hantingtoni, sijui kama naandika sawa. Daktari Rahel alizima simu, akasogeza kiti, akamuuliza Baba kama anataka kusikia yote. "Nimevuka tope lote hili nisikie robo?" Baba akajibu.

Basi akaeleza, na nitaandika nilivyoelewa. Ndani ya kila chembe ya mwili mna vinasaba, ndiyo maandishi ya namna mtu anavyotengenezwa. Maandishi hayo kila siku yanachanika hapa na pale, na mwili una mafundi wake wa kuyashona. Bila mafundi hao hatufiki popote. Sasa Baba alizaliwa na mahali ambapo neno moja limerudiwa na kurudiwa kupita kiasi. Fundi akipita hapo kurekebisha, badala ya kuacha kama palivyokuwa, anaongeza. Mwaka hadi mwaka anaongeza, hasa ndani ya ubongo, mpaka chembe za ubongo zinashindwa kazi na kufa. Ndiyo maana Baba alibeba magunia ya ndizi ujana wake wote, na leo kikombe kinamshinda.

"Kwa hiyo anayemharibu ni fundi?" nikauliza.

"Fundi anafanya kazi yake," akasema. "Ila mahali hapo kazi yake inaleta madhara. Wapo watu ambao mafundi wao ni watulivu zaidi, ugonjwa unachelewa kuwaanza. Watafiti wanatafuta dawa ya kumtuliza huyo fundi. Bado haijapatikana. Nitampa mzee dawa za kupunguza hii michezo ya mwili, lakini sitakudanganya kwamba zinaponya."

Nikamfikiria Erick na viraka vyake, na leo sikuweza kucheka.

Kisha nikasema, kwa kutaka tu kuweka mambo sawa: "Mimi haunihusu, maana ni wa ukoo wa mama."

Hakucheka yule binti, Mungu ambariki. "Ukoo ni wa mama, dada Shadia, hilo silibishi. Lakini vinasaba nusu umepewa na mama na nusu na baba. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, anaweza kuuchukua na anaweza asiuchukue. Ni kama kurusha shilingi. Kipo kipimo, lakini hakuna anayelazimishwa."

Aliyesema wa kwanza ni Baba.

"Nusu yake ni yangu mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Nusu kamili? Sawa na ya mama yake?"

"Sawasawa."

Nimemjua Baba maisha yangu yote na sijawahi kuuona uso ule. Alikaa wima. Huyu ni mtu aliyeambiwa tangu anamwoa mama yangu kwamba mtoto anayemlea ni wa wenzake, akaligeuza utani ili lisimchome. Akanitazama kama ndiyo kwanza nimetolewa chumba cha kujifungulia. Kisha nikaona lile jambo la pili linamfikia, polepole, na furaha yote ikamtoka.

"Afadhali ungekuwa wa kwao," akasema. "Mama, afadhali ungekuwa wa kwao mzima."

Nikamwambia anyamaze. Nikaushika ule mkono unaoruka, nikamwambia tena anyamaze. Nampenda mzee huyu kupita kiasi, na leo kwa mara ya kwanza nimeuogopa mkono wake.

25 Aprili

Sikufungua.

26 Aprili

Nasibu amepita bandani kuuliza kama bamia zimeota. Nimemkaripia. Amesimama na mwavuli wake, amesema "haya", ameondoka. Filomena kanivutia mdomo. "Kijana wa watu kakukosea nini?" Nimemwambia ahangaike na supu yake.

Ukweli ni kwamba watu wake waliuliza, tena waliuliza vizuri, na tukawajibu uongo. Siwezi kuolewa juu ya jibu lile. Na nikisema, simwoni atakayebaki. Nampenda Nasibu, nimelijua vizuri wiki hii, wakati mbaya kabisa wa kulijua.

3 Mei

Nimepanda mlimani kwa Mjomba. Njia yote utelezi, ndala imebaki tope la kwanza tu. Nilimkuta anapalilia migimbi. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Marahaba. Lakini huyo daktari wako si Mluguru," akasema. "Tangu lini ugonjwa ukavuka ukoo? Tumeutazama miaka na miaka. Bibi yako mzaa baba, kaka yake, sasa Rehani. Ukoo mmoja huo."

"Na watoto wa huyo kaka yake bibi? Wao mliwatazama?"

"Wale si wa ukoo ule. Wale ni wa mama yao."

"Ndiyo nakuuliza, Mjomba. Walikuwaje?"

Akaegemea jembe. Akaanza kusema kama anayejisimulia mwenyewe: "Kulikuwa na Abdulmajid, mwanawe. Seremala mzuri. Alishuka bondeni kwenye miwa, wakamfukuza kazi, wakasema pombe. Alirudi huku anatembea hivi." Akainua bega, akalishusha, mguu mmoja ukaenda pembeni. Alikuwa anamwigiza Abdulmajid, lakini aliyetokea pale kati ya migimbi ni Baba. Na yeye aliliona.

"Tulimwita mlevi mpaka tukamzika," akasema. "Hatukumweka pamoja na wale, maana si wa ukoo wao."

Tukakaa kwenye gogo. Mkewe alileta chai, na hakuna aliyeinywa.

"Basi nimewadanganya wageni," Mjomba akasema.

"Hukudanganya. Ulikosea."

"Aliyepokea wageni akikosea, kadanganya. Nitashuka niseme mwenyewe."

Nikamwomba anipe nafasi nimwambie Nasibu kwanza. Akakubali. Wakati naondoka akanishika kichwa kwa viganja vyote viwili, vyenye udongo, kama nilipokuwa mdogo. Nimeshuka na udongo wake kwenye mtandio na sikuufuta.

6 Mei

Nimemwambia. Dukani kwake, kati ya magunia ya mbolea, mvua inapiga ikabidi niseme kwa sauti. Kuna mambo si ya kusemwa kwa sauti.

Alisikiliza bila kunikatiza. Akauliza, "Ukiwa nao unaanza lini?"

"Pengine kama Baba, ukubwani. Pengine mapema."

"Na watoto?"

"Nikiwa nao, na wao nusu kwa nusu. Daktari anasema yapo ya kushauriana kabla."

Akapangua pakiti za mbegu za mahindi, akazipanga tena. "Shadia, nipe siku kidogo."

"Chukua zote," nikasema, nikatoka bila mwavuli. Mdomo wangu huu!

8 Mei

Hajaja.

9 Mei

Hajaja. Nimeshona gauni la bibi harusi wa Kihonda, nimelilowesha kwa machozi, nikapiga pasi.

11 Mei

Hajaja. Bamia zimeota.

13 Mei

Niandike upesi kabla hasira haijaisha.

Kwa siku kadhaa nimeona Baba ndevu zimepunguzwa vizuri, kucha zimekatwa, kanzu imefungwa vifungo vyote. Nikamuuliza nani anamsaidia, akajibu, "Malaika." Nikajua ni mke wa jirani. Leo uzi umeniishia, nikarudi nyumbani asubuhi. Nani niliyemkuta barazani? Nasibu! Kamwekea Baba taulo shingoni, anamlisha uji kwa kijiko, Baba kichwa kinaenda huku, kijiko kinakifuata, wote wawili uji mpaka masikioni na wanacheka kama wehu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu uliponiambia," Nasibu akasema. "Ukishaenda kazini nakuja."

"Na mimi nalia kwenye magauni ya watu!"

"Mama, mwache amalize," Baba akasema. "Uji unapoa."

Nikavuta kigoda. Nasibu akafuta kidevu cha Baba, kisha chake. "Sikutaka kukujibu kwa maneno matamu," akasema. "Nilitaka kwanza nikijue hicho ninachokiogopa. Nione kama nitaweza."

"Umeona nini?"

"Anachosha. Jana kaanguka, nimemwinua, tumeanguka wote. Mgongo unaniuma mpaka sasa." Akamtazama Baba. "Lakini ni mtu mzuri kukaa naye. Nitaweza, Shadia. Ukiwa nao nitaweza, usipokuwa nao nitamshukuru Mungu."

"Mwanaume gani anaposa kwa uji?" Nilitaka kuendelea, kilio kikanizidi. Baba akanipapasa mgongoni, kwa mkono ule ule, akinipiga zaidi ya kunipapasa. Sikuuogopa tena.

17 Mei

Mjomba ameshuka, watu wa Nasibu wamekuja. Mjomba hakukaa kitini, alisimama. Akasema alichokisema Machi hakikuwa kweli, akaeleza la Abdulmajid, akaomba radhi mbele ya wote. Sijawahi kumwona mkubwa namna ile.

Shangazi akakunja mikono. "Si niliwaambia? Sisi tunajua mtoto ni wa baba."

"Na mama naye, nusu," Mjomba akasema. "Hapo ninyi na sisi tumekosea wote."

Shangazi hakufurahi, na simlaumu, kijana ni wake. Aliniita uani akaniuliza kama nitapima. Nikamjibu nitapima siku nikiwa tayari, nimeshaongea na daktari Rahel, ila si kabla ya ndoa. Sitaki kuolewa kwa cheti kama ng'ombe aliyechanjwa. "Una mdomo wewe," akasema. "Nasibu anahitaji mtu mwenye mdomo."

Limebaki la walii, mwenye kuniozesha. Sheikh ameshauri kwa wema kabisa kwamba Baba aweke wakala wa kuozesha, maana ulimi unamkwama na mikono haitulii, watu wasije wakacheka. Wote tukamgeukia Mjomba, kwa mazoea. Mjomba akatikisa kichwa. "Mwenye mtoto yupo," akasema. Akasogea kwenye mkeka, akampisha Baba katikati.

20 Mei

Baba anajifunza maneno ya kuozesha. Leo amewaozesha kuku wote.

27 Mei

Idi. Wageni, nyama, masufuria. Mvua imekatika tangu juzi na mlima umeonekana mpaka juu. Nguo zimekauka kwa siku moja!

31 Mei

Nimeolewa. Wanawake wako nje wanaimba, Filomena ananigongea mlango, lakini lazima niandike hili kwanza.

Nilikuwa ndani na wenzangu, nimefungua pazia kidogo tu, nione. Nasibu na Baba walikaa wakitazamana, magoti yanagusana. Sheikh akawaambia washikane mikono ya kulia. Mkono wa Baba ukaruka, ukapiga hewa, Nasibu akaudaka. Nilidhani atauminya utulie, kama wafanyavyo watu wote, hata mimi. Hakuuminya. Aliushika tu, ukaenda juu na wake ukaenda juu, ukaenda kando na wake ukaenda kando. Msikiti mzima wa wanaume ulikuwa barazani pale na hakuna aliyecheka. Muuza mkaa alikuwepo, macho chini.

Baba akaanza. "Nimekuoza bin... bin..." Ulimi ukarudi ndani. Mjomba Mosi, nyuma yake, akainamisha kichwa. Baba akajaribu tena. "Nimekuoza binti yangu. Yangu. Yangu." Akakwama hapo kwenye yangu, akalirudia na kulirudia, na sheikh akangoja, kwa sababu hakuna mtu pale aliyejua kama ni ugonjwa au ndivyo alivyotaka kusema. Mimi nilijua. Ugonjwa ungemfunga mdomo, na Baba alikuwa anacheka.

Nasibu akamngoja mpaka akamaliza lote, jina langu na mahari yangu, mikono yao ikicheza pamoja. Ndipo akajibu kwamba amekubali.